Ng'ombe Saba na Wadhamini Mia Mbili

Mwaka ule wa uchaguzi shangazi yangu aliamua kugombea urais, na mtu wa kwanza kumwambia kwamba hatashinda nilikuwa mimi. Nilimwambia jikoni kwake, Musoma, akiwa anakata vitunguu. Sikusema kwa ubaya. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka mmoja kabla, nimesoma sayansi ya siasa, na nilikuwa na jibu la kila swali isipokuwa lile la nitafanya kazi gani.

"Shangazi, nchi hii mtu hachaguliwi kwa sera," nilisema. "Anachaguliwa kwa ukoo wake au kwa sura yake. Ukoo wetu ni mdogo. Na sura yako..."

"Sura yangu imefanyaje?"

Nikachukua kitunguu kimoja, nikaanza kukimenya.

"Sema tu, si umesomea?"

"Watasema wewe ni Mhindi."

Alicheka hadi akaweka kisu chini. Machozi yalimtoka, sikujua ni ya kicheko au ya vitunguu.

Shangazi ni mweupe, ana pua nyembamba, na nywele zake hazijawahi kukubali kusukwa zikakaa siku mbili. Baba yangu, mdogo wake wa tumbo moja, ni mweusi kama sisi wengine wote wa nyumba ile. Shangazi alikuwa afisa ugani wa pamba wilayani Bunda kwa zaidi ya miaka ishirini, akizunguka na pikipiki ya serikali akiwafundisha wakulima kupiga dawa kwa wakati na kung'oa masalia baada ya mavuno. Alipostaafu, chama kimoja kidogo, ambacho ofisi yake ya mkoa ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la simu, kilimwomba abebe bendera yao. Alikubali kwa sababu, alivyosema, alikuwa amechoka kugombana na redio.

Sheria inamtaka mgombea urais apate wadhamini mia mbili, wapiga kura walioandikishwa, katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua kumi. Wadhamini ni watu wanaoweka saini au dole gumba kuonyesha kwamba wanamuunga mkono asimamishwe. Chama kilikuwa na watu wa kuzunguka mikoa mingine. Mkoa wetu wa Mara, Shangazi alisema atauzunguka mwenyewe.

"Nyumbani wakinikataa, narudisha fomu siku hiyo hiyo," alisema. "Sitaenda Mtwara kuomba watu wanijue wakati kwetu sijulikani."

Alimaanisha. Mimi namjua; huyu ndiye aliyewahi kurudisha zawadi ya kustaafu kwa sababu waliandika jina lake vibaya. Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo tu: saini mia mbili za Mara, ndani ya wiki moja. Yeye angechukua Bunda hadi Kisorya, kisha azunguke vijiji vya rasi upande wa Kiriba. Mimi nilipewa kijiji chetu, upande wa Butiama, na kazi ya kuandika wasifu wake wa ukurasa mmoja utakaosomwa mbele ya watu.

"Andika ukweli," aliniambia. "Usinipake rangi."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoniponza, kwa sababu niliyaelewa kwa akili ya chuo.

Hapa lazima nieleze nyumba yetu, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Shangazi na baba yangu walizaliwa katika ndoa ambayo kwetu inaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, akiwa na ng'ombe wake, anamtolea mahari msichana na kumwoa kihalali mbele ya wazee, ili nyumba yake isifutike. Msichana huyo anazaa. Aliyemzalisha hana jina pale, hana dai, na hatajwi. Watoto ni wa yule mwanamke aliyetoa ng'ombe. Vijiji vingine watoto humwita bibi. Kwetu walimwita Baba, na sisi wajukuu tukamwita Babu. Wageni walikuwaga wanachanganyikiwa: wanaambiwa wangoje, Babu anakuja, halafu anatokea bi kizee mwenye gauni na khanga, ananusa ugoro, anawauliza wanataka nini.

Bibi aliyezaa alifariki nikiwa kidato cha pili. Babu yupo mpaka leo, na akili yake ni kali kuliko yangu. Kama babu wengine wanavyowatania wajukuu wao wa kike, mimi ananiita mke wangu.

Nilikua nikiujua mpango huu kama ninavyojua njia ya kwenda kisimani. Lakini chuoni nilijifunza kuyahoji mambo ya nyumbani, na nilipoanza sikuacha. Kwa nini Shangazi ni mweupe? Kwa nini hakuna anayesema? Jibu langu lilikuwa moja: aibu. Watu wanaficha kitu kwa sababu wanakionea aibu, na kitu kinachofichwa ndicho adui atakachokitumia jukwaani.

Siku ya kwanza tulikwenda Bunda pamoja. Tulisimama nje ya duka la pembejeo, na wakulima waliomfahamu Shangazi wakaanza kujaa.

"Mama Pamba! Kumbe unataka Ikulu?"

"Nataka saini yako kwanza."

"Ukishinda utatuletea dawa isiyochakachuliwa?" mzee mmoja akadakia.

"Ukipiga kwa wakati hata hii inatosha. Wewe nilikufundisha mwaka gani? Bado unapiga saa saba mchana?"

Wakamcheka yule mzee mpaka akaweka saini ili wamwache. Zilipatikana nyingi siku ile, na nilijiambia kwamba hizo ni za kazi yake, si za ukoo wala sura. Nikafurahi kidogo kwa kukosea. Halafu kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake akila mua, akauliza kwa sauti:

"Huyu mama ni Mhindi wa wapi?"

"Wa hapa hapa," mtu akamjibu.

"Baba yake nani?"

Mzee mmoja akaanza kuzungumzia mvua. Mwingine akamwuliza yule kijana kama mua ni wa kununua au wa wizi. Mazungumzo yakahama kabisa, kama ng'ombe wanaoelekezwa njia nyingine bila kupigwa. Niliona jambo lile nikaumia. Nikaona ile aibu yao iko wazi kabisa, na kwamba kama sisi wenyewe hatutaijibu, atakuja mtu kuijibu vibaya.

Shangazi alipoondoka kwenda Kisorya, mimi nilibaki Bunda nusu siku. Nilimtafuta mzee mmoja aliyekuwa mpima pamba zamani, nikamdodosa. Alizunguka sana. Mwishowe alisema, akiangalia mlango, kwamba miaka ile kulikuwa na fundi wa mitambo mwenye asili ya Kihindi aliyekuja kufunga mashine za kuchambua pamba, akakaa misimu miwili, akaondoka.

"Usiseme nimekwambia," alisema.

"Sitasema."

Nilitimiza ahadi hiyo, yeye sikumtaja. Lakini usiku ule niliongeza aya katika wasifu: kwamba baba mzazi wa mgombea alikuwa fundi mwenye asili ya Kihindi, kwamba ndani yake mna historia mbili, na kwamba haoni haya kwa hilo kwa kuwa taifa hili ni la watu wa rangi zote. Niliisoma mara tatu. Nakiri niliiona nzuri sana.

Kijijini nilikwishapita nyumba kwa nyumba kabla ya mkutano, na watu walikuwa wepesi. Nilitaniwa tu.

"Urais tena?" mwanamke mmoja aliniambia huku akitia dole gumba. "Sisi wa Butiama tulitoa wa kwanza. Waambie zamu yetu tulishaitumia."

"Mama, hakuna zamu kwenye urais."

"Haya, mwenye digrii. Nionyeshe pa kubonyeza."

Nilikuwa na majina sitini na kitu nilipofika kwenye uwanja wa mnada asubuhi ya siku ya mnada, wakati watu wengi wamekusanyika kuuza na kununua ng'ombe. Mwenyekiti wa kitongoji alinipa nafasi. Nilisoma wasifu wote kwa sauti ya kujiamini. Nilipofika kwenye ile aya nilipunguza kasi ili iingie.

Iliingia kweli. Nilisikia ng'ombe tu.

Mzee mmoja wa ukoo wa watani wetu, mwenye kofia ya pama na fimbo ndefu, akanyoosha mkono. Huyu ni mtani wa Babu. Misibani yeye ndiye huwaga anakuja kulala katikati ya mlango na kukataa maiti isitolewe mpaka apewe kuku.

"Mjukuu, rudia hapo pa baba mzazi," alisema.

Nilidhani amependa. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

"Asante," akasema. "Sasa leta hiyo karatasi unifutie jina langu."

"Kwa nini, mzee?"

"Nilimdhamini mtoto wa Babu yako. Huyu uliyemsoma simjui. Ni mtoto wa fundi. Mpelekeni kwa fundi akamdhamini."

Hakukuwa na utani hata chembe katika uso wake. Nyuma yake wakasimama wengine. Hawakunitukana. Walisogea mmoja mmoja, wakaonyesha mstari wao kwa kidole, na mimi nikawa nawakata kwa kalamu ile ile niliyowaandikia. Yule mwanamke wa zamu alifika na yeye.

"Mama, hata wewe?" nilimwuliza. "Kwa sababu ni Mhindi?"

Akanitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyotoboka.

"Mhindi gani? Nani hapa kasema Mhindi? Wewe ndiye umesema. Sisi tumemwona na hiyo pua tangu yuko mgongoni. Mwanangu, ukimtaja yule, umesema ng'ombe hawakutolewa. Umesema Babu yako alifuga watoto wa watu. Umemvua nguo mnadani."

Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole, alinikunjia karatasi zangu na kuniambia niende nyumbani. Nilipozihesabu njiani, majina yasiyokatwa yalikuwa kumi na moja, na mengi kati ya hayo ni ya watu ambao hawakuwepo mnadani. Kwa idadi ambayo Shangazi alikuwa amenitumia kwa simu, bila kijiji chetu tusingefika mia mbili. Zilibaki siku tatu.

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya rangi katika siasa. Hakuna kilichonitayarisha kujua kwamba katika kijiji kizima, mtu wa kwanza kumhesabia Shangazi rangi yake hadharani nilikuwa mimi, na kwamba nilifanya hivyo ili kumtetea.

Babu alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, anachambua ulezi kwenye ungo. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Sikuweza kumwangalia.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mke wangu. Nasikia umeniuza mnadani. Nimepata bei nzuri?"

"Babu, nisamehe. Nilisema kweli tu."

"Kweli ya nani?"

"Ya damu."

"Damu." Alipiga chafya ya ugoro, akajifuta na khanga. "Damu hata kupe anayo. Huyo mtu wa mashine alileta ng'ombe hapa?"

"Hapana."

"Shangazi yako alipougua surua, alikesha naye?"

"Hapana."

"Alipofaulu kwenda sekondari, ni yeye aliyembebea sanduku mpaka Musoma?"

"Ni wewe, Babu."

"Basi huyo baba umemwokota wapi, wewe mtoto?"

Nikaanza kulia, na nililia vibaya, kwa sauti. Sikulilia uchaguzi. Nililia kwa sababu mbele yangu alikuwepo mtu ambaye miaka yote alikuwa amesimama mahali pa baba bila mtu kumwuliza kitambulisho, na mimi niliyelelewa juu ya kazi yake ndiye niliyemwuliza.

Alinisubiri nimalize. Aliendelea kupepeta.

"Ningekuwa na nguvu ningekuchapa," alisema. "Sina. Sasa kaa. Umesema kitu hadharani, utakisema kingine hadharani. Utawahesabu ng'ombe."

Kuwahesabu ng'ombe si kutaja idadi. Ni kumtaja kila ng'ombe wa mahari kwa sura yake, alikotoka na alikokwenda, mbele ya watu wanaoweza kukubishia. Zamani ndivyo kesi za watoto zilivyokuwa zinaamuliwa: anayeweza kuwataja ng'ombe bila kushindwa, nyumba ni yake. Babu alinifundisha kuanzia mchana hadi jua linaingia. Nilitoa simu nirekodi.

"Weka hicho. Ukisimama pale utanitolea simu?"

Walikuwa saba. Aliwapata kwa pamba, alisema, misimu mitatu akilima peke yake baada ya kufiwa na mumewe, akibeba kichwani hadi kwenye soko la pamba. Wa kwanza dume jeusi lenye nyota kwenye paji. Wa pili na wa tatu majike. Wa nne mwenye pembe moja. Kila mmoja alikuwa na jina kwa lugha ya nyumbani, lugha ambayo mimi nilikuwa naielewa zaidi ya ninavyoizungumza. Nikikosea ananirudisha mwanzo. Nilikosea sana.

Katikati ya somo, ugonjwa wangu wa kuuliza ukanirudia.

"Babu, na Bibi alikubali? Alipoletwa hapa kwa hao ng'ombe, kuna aliyemwuliza?"

Aliacha ungo.

"Hakuulizwa," alisema. "Mimi pia sikuulizwa nilipoolewa. Tuliulizana wenyewe baadaye, shambani, tulipozoeana. Siku nyingine alisema ndiyo, siku nyingine alisema hapana."

Jibu hilo linanisumbua hadi leo na sitaki liache kunisumbua. Ninamshukuru kwa kutonipambia. Angeweza kuniambia kwamba mambo yalikuwa mazuri, na ningemwamini, siku ile ningeamini chochote.

Kesho yake mwenyekiti wa kitongoji aliwaita watu tena, nje ya ofisi ya kijiji. Babu alikuja kwa bodaboda, amekaa upande, akashuka kama mtu anayeshuka kwenye gari lake. Aliketi mbele na hakusema neno. Nilisimama, nikaomba radhi kwake kwa kupiga magoti, kisha nikawahesabu ng'ombe.

"Wa kwanza, dume jeusi lenye nyota. Lilitoka mnadani, likaenda kwa baba yake Bibi, likachinjwa kwenye harusi ya mjomba."

"Kweli," mtu akasema.

"Wa pili, mtamba mwekundu. Alizaa mara nne."

"Mara tano!" akaruka mama mmoja. "Wa mwisho mapacha, mmoja akafa."

"Mara tano," nikasema. "Wa tatu, wa kijivu."

Mtani mwenye kofia ya pama akasimama. "Hapo umeshindwa. Huyo hakuwa wa kijivu. Alikuwa wa kijivu akinyeshewa. Akikauka, mweupe."

"Ulimwona wapi, wewe ulikuwa unanyonya!" akapiga kelele Babu, kwa mara ya kwanza.

"Nilikuwa nanyonya maziwa yake!"

Watu wakacheka, na kile kilichokuwa kimekaza tangu jana kikalegea. Walibishana juu ya ng'ombe yule kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona watu wakibishana juu ya sera yoyote. Nilisimama katikati yao nikirekebishwa na kila mtu, na nikaona kwamba kila aliyenirekebisha alikuwa ameshika kipande cha nyumba yetu kichwani mwake, amekitunza bila kuombwa. Ndama wa huyu alihamia kwa jirani yule. Maziwa ya yule yalimlea huyu. Nilifika kwa wa saba nikiwa nimelowa jasho.

"Sasa," mtani akauliza, amepunguza sauti, "watoto wa nyumba hiyo ni wa nani?"

"Ni wa Babu."

"Wote?"

"Wote."

"Na huyu anayetaka kuwa Rais?"

"Wa Babu."

"Leta kalamu."

Waliandika kwenye karatasi mpya. Yule mama wa zamu alibonyeza dole gumba kwa nguvu, mpaka wino ukatoka pembeni, akaniambia nimwangalie vizuri usoni nisije nikamsahau. Foleni ilipopungua nilimsogelea mtani. Nilidhani sasa nimepata jibu la lile swali langu la tangu chuo. Kumbe ukoo unasaidia.

"Kwa hiyo mzee, kura utampa Shangazi?"

"Nani amesema kura?" Alishangaa kweli. "Kudhamini ni kusema huyu mtu tunamjua, ana kwao, asimame. Kura ni kitu kingine. Kura yangu nampa ninayemtaka, na chama chenu hicho mimi sijakielewa."

"Lakini ni mtoto wa Babu."

"Ndiyo maana nimesaini. Unataka nini tena, nimpe na ng'ombe wangu?"

Shangazi alirudi kutoka Kiriba akiwa amechomwa na jua, mifuko yake imejaa karatasi na dagaa wa kupewa. Tulikutana Musoma, tukaziunganisha za kwake na za kwangu, tukazipeleka kwenye ofisi ya uchaguzi. Zilihakikiwa zote. Zilizidi mia mbili. Tulipotoka nje nilianza kumweleza nilichofanya, akanikatiza.

"Nilisikia siku ile ile, niko kwenye foleni ya kivuko Kisorya. Nilipigiwa simu na watu wanne."

"Mbona hukunipigia?"

"Nilitaka nione utakwenda kwa Baba, au utakuja kwangu nikusafishie."

"Ulikuwa unajua? Habari za yule fundi?"

"Tangu darasa la nne. Msichana mmoja alinitania shuleni. Mama yake alikuja nyumbani jioni, akampigia Baba magoti." Alipanga upya karatasi mkobani. "Nilimwangalia Baba anavyopokea ile radhi. Tangu siku hiyo sikuwahi kuhitaji baba mwingine. Wewe ulitaka kunipa mwingine bure."

Alinishika bega, tukaenda kunywa soda. Sijui watu wengine wanasamehewaje. Mimi nilisamehewa kwa soda ya tangawizi kando ya barabara, na baada ya hapo jambo hilo hakulirudia.

Jina lake lilifika kwenye karatasi ya kura. Alishindwa, kama nilivyosema jikoni, tena vibaya zaidi ya nilivyosema. Katika kituo cha kijiji chetu kura zake zilikuwa chache kuliko saini nilizokusanya pale pale. Nilipoona matokeo yamebandikwa, nilitaka kuyachana. Nilikuwa na hasira na watu wale wote na ng'ombe wao.

Siku mbili baadaye Shangazi alikuja kumwamkia Babu. Tulikuwa bado hatujakaa sawasawa watu walipoanza kuingia uani. Walikuja kama wanavyokwenda kwenye nyumba iliyopatwa na jambo: mmoja na kibuyu cha maziwa, mwingine na viazi, mwingine mikono mitupu. Na kila mmoja alisalimia, akakaa, akaeleza.

"Dada, mimi sikukupa," alianza mwenyekiti wa kitongoji. "Nisikufiche. Niliogopa kura kupotea."

"Mimi nilikupa," akasema mama wa zamu, "lakini mume wangu hakukupa, na nimemwambia asile hapa leo."

"Shangazi, chama chenu hakina hata gari la matangazo," akasema kijana mmoja. "Ungekuja na chama kikubwa tungeongea mengine."

Shangazi alikuwa anacheka, anawabishia, anamwambia mmoja kwamba hata hivyo shamba lake ni chafu. Babu alikuwa amekaa mlangoni na kila aliyeingia alimsalimia yeye kwanza, kama anavyosalimiwa mwenye mji. Mtani alifika mwisho. Alivua kofia.

"Mzee mwenzangu," alimwambia Babu, "mtoto wako sikumpa."

"Najua," Babu akajibu. "Ingia ule."

Nilikuwa nimebeba sinia la ugali. Nilipita katikati yao nikigawa, nikiwaangalia watu hawa walioniambia nifute majina yao kwa sababu nilikuwa nimemfuta mtu kwao, wakamsimamisha, wakamnyima kura, kisha wakatembea kwa miguu kuja kumwambia usoni. Hakuna aliyekuja kumwamkia Mhindi, wala mgombea. Hasira yangu haikupata pa kukaa. Mtani alinyoosha mkono kuchukua tonge, akaniuliza kama nimeshajifunza kwamba wa tatu alikuwa mweupe.

"Akikauka," nikamjibu.

"Mpe nyama," Babu akasema, na nikampa.